Mluzi Ndani ya Spika

Shemeji yangu wateja wanamwita Sikati, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa kulirudia. Mtu anakuja na gari la zamani, la siku zile bati lilikuwa bati na mlango ukiufunga unasikia umefungwa, anataka kufungiwa muziki. Anataka spika kubwa milangoni, redio ya kioo kwenye dashibodi, na besi ya kutetemesha madirisha ya majirani. Shemeji anamsikiliza mpaka mwisho, analizunguka gari mara moja mikono ikiwa nyuma, halafu anasema, "Nitakufungia. Lakini sikati."

Maana yake hakati mlango, hakati dashibodi, wala hatoboi tundu ambalo halikutobolewa kiwandani. Kijana mmoja aliyerithi gari la babu yake alikasirika, akalipeleka mtaa wa pili, akakatiwa milango yote minne kwa msumeno. Alirudi baada ya mwezi, milango inagongagonga, akaomba arekebishiwe. Shemeji aliyatazama yale matundu, akaufunga mlango taratibu, akaenda kunywa chai. Hakurudi mpaka yule kijana alipochoka kusubiri. Mimi namheshimu kwa hilo, na ni hilohilo ambalo mpaka leo sijaweza kumsamehe vizuri.

Mimi nashona viti vya magari. Yadi yetu ina mabanda matatu: la kwanza la mpiga rangi, la kati langu na cherehani yangu, la mwisho lake. Kati yangu na yeye kuna ukuta wa mabati unaoishia kifuani, kwa hiyo kwa miaka kumi na saba nimeshona nikisikiliza spika za watu zikijaribiwa. Amemwoa dada yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyenitafutia banda hilo nilipoachika nikarudi nyumbani na cherehani kichwani. Nikimsema vibaya hapa, mjue namsema mtu aliyenishika mkono.

Ufundi wake ulikuwa huu. Anaitoa redio ya asili, ile yenye vishikio viwili vya kuzungusha na mstari wa namba za vituo, anaifungua na kuitoa matumbo yote. Ndani yake anapanga mashine mpya, ndogo, inayokubali simu na flashi. Uso unabaki uleule, vishikio vilevile, hata taa yake ya manjano inawaka. Amplifaya anaificha chini ya kiti cha mbele. Spika anazipanga nyuma, kwenye ile rafu ya chini ya kioo, na nyingine anazijengea vijisanduku vya mbao miguuni, vinavyofungwa kwa skrubu zilezile za kiwandani. Ukiingia ndani ya gari huoni kitu kipya. Ukizungusha kishikio, muziki unatoka hujui unatokea wapi. Watu wazima nimewaona wakifuta macho ndani ya magari hayo, wakijifanya vumbi limewaingia.

Na alikuwa na gari lake. La milango minne, rangi ya maziwa yaliyoingia chai, la mwaka aliozaliwa dada. Alilipata likiwa limekalia matofali, kuku wanataga ndani. Miaka kumi na moja alilitengeneza kidogokidogo, jioni na Jumapili. Injini ilishapona, breki zilishapona, viti nilivishona mimi mwenyewe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alisema mishono yangu imeachana kuliko ya asili. Alileta rula. Nilimwambia ameze hiyo rula, halafu nikafumua nikashona upya.

Rangi tu ndiyo hakuigusa. Ilikuwa rangi ya kiwandani, imepauka lakini haijachubuka, na alikuwa akiipangusa kwa kitambaa laini kama anapangusa uso wa mtu. Mpiga rangi wetu alimwambia amwachie siku mbili tu airudishie ujana. Hawakusemeshana kwa wiki nzima.

Dada yangu alikuwa opereta wa simu. Kabla hizi simu za mkononi hazijaja, alikaa miaka ishirini na mbili kwenye kiti cha kuzunguka, kifaa cha kusikilizia kichwani, akiwaunganisha watu kwenye jengo kubwa la ofisi. Alikuwa anamjua kila mtu kwa sauti. Ukimpigia na kusema "halo" moja tu, anakwambia jana hukulala vizuri. Shemeji alimpata hukohuko. Alikwenda kutengeneza spika ya mapokezi, akapiga simu kuuliza aingie mlango upi, na dada akamjibu, "Ingia wa kulia, na ukitoka hapo ukanywe dawa, una mafua." Alirudi kesho yake kushukuru. Watoto hawakujaliwa, na hilo walishalilia likaisha. Nyumbani walikuwa wawili na redio, na redio haikuzimwa toka asubuhi mpaka wanapolala. Dada alikuwa anaimba pamoja nayo akiosha vyombo, akipiga pasi, akinigombeza. Kulikuwa na wimbo mmoja wa zamani aliokuwa akiuimba zaidi, ule uliopigwa mara tatu kwenye harusi yao kwa sababu mpiga muziki aliishiwa nyimbo.

Halafu kifua kikamshika. Tulidhani ni mafua yaliyokataa kwisha. Alikohoa miezi, akakonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Alipopimwa, wakasema ni kifua kikuu, tena ile aina sugu inayocheka vidonge vya kawaida. Ilibidi achomwe sindano kila siku kwa miezi minane, na vidonge kiganja kizima juu yake.

Siku ya kwanza shemeji alikwenda naye kliniki. Alikaa kwenye benchi, akaitazama feni mbovu ya ukutani mpaka mhudumu akamwuliza kama amekuja kuuguza au kutengeneza. Jioni dada akamwambia, "Fundi wangu, wewe baki kazini. Mdogo wangu atanipeleka. Ukikaa pale mikono mitupu unanitia homa nyingine."

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

"Lile gari. Lifungie muziki. Miaka yote hii unafungia watu, mimi sijawahi kupanda hata siku moja nikasikia wimbo. Ukimaliza unipeleke mpaka mwisho wa lami tukisikiliza."

Aliitikia kwa kichwa, na kesho yake asubuhi nilisikia skrubu za dashibodi zikidondoka kwenye kopo. Nilifurahi. Nilijua akipata kazi ya mikono hatakonda pamoja naye.

Kliniki ilikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa afya, na sisi tulitumia dakika arobaini. Baada ya mwezi mmoja nesi alimwingiza dada kwenye chumba kidogo kilichobandikwa masponji ukutani, akamvika kifaa cha kusikilizia kichwani na kumpa kidude cha kubonyeza kila akisikia mlio. Dada alicheka. Alisema, "Hii ndiyo kazi yangu, mwanangu. Nimeifanya kabla hujazaliwa." Alibonyeza barabara. Mwezi wa pili alibonyeza kidogo. Nesi alichora kwenye karatasi mstari ulioanza juu vizuri halafu ukateremka upande wa kulia, akauangalia mara mbili, akavuta kiti.

"Mama, sitakuficha," akasema. "Sindano hii kuna watu inawala masikio. Sauti nyembamba ndizo zinatangulia kuondoka. Ndege, kengele, simu ikilia. Baadaye zinafuata nyingine. Daktari atapunguza dozi, lakini kuiacha kabisa sasa hivi, sikushauri. Bado kifua hakijasalimu."

"Na yakishaondoka yanarudi?" dada akauliza.

"Hayarudi, mama."

Dada alikunja na kukunjua leso. Kisha akauliza yatachukua miezi mingapi kuondoka. Nesi akasema hawezi kujua, kila mtu na mwili wake, labda mitatu, labda minne, na wengine hawapotezi kabisa. Dada akainua mkono wa blauzi akasema, "Basi choma. Nataka kuishi."

Njiani alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usimwambie," akasema.

"Dada, lazima ajue. Ni mumeo."

"Akijua ataacha gari, aanze kunishughulikia mimi. Ataniangalia asubuhi mpaka jioni kama redio iliyoharibika. Sitaki. Muziki si anamaliza karibuni? Nitausikia kabla. Yakiondoka baadaye nitamwambia mwenyewe." Akasimama kuvuta pumzi. "Niahidi, mdogo wangu."

Nikamwahidi. Nimeshajiuliza mara nyingi mdomo ule niliupeleka wapi siku hiyo.

Kwa kweli kazi ya muziki ilikuwa karibu kwisha. Wiki mbili baadaye shemeji aliniita nije nisikilize. Nilikaa kiti cha nyuma. Akazungusha kishikio, taa ya manjano ikawaka, na ule wimbo wao ukajaa mle ndani. Mwimbaji alikuwa amekaa katikati yetu, naapa. Nikaanza kumpigia makofi. Akainua kidole, akawasha injini.

Mluzi ukaingia. Mluzi mwembamba, nyuma ya wimbo, unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Mafundi wanaujua: ni umeme wa alteneta, ile jenereta ya injini, unaovuja mpaka kwenye spika. Haukuwa mkubwa. Mimi ningeendesha na mluzi wangu mpaka nchi jirani na kurudi.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia wimbo," nikasema.

"Shemeji, unasikia au husikii?"

"Nasikia. Na dada hatajali."

"Dada yako?" Akanitazama kama nimemtukana. "Yule mtu anasikia mafua kwenye simu. Nimpeleke kwenye gari linalopiga mluzi?"

Akazima kila kitu. Kesho yake alifumua nyaya zote akazipitisha upya, za umeme kulia, za sauti kushoto, zisigusane. Mluzi ukabaki. Akabadilisha amplifaya. Mluzi. Akaagiza kichujio cha umeme kutoka mji mwingine, tukakisubiri siku kumi na mbili. Kilipofungwa mluzi ukapungua kidogo, ukabaki. Akaitoa alteneta yenyewe akaipeleka kwa fundi mwenzake. Alikuwa na mteja mchana na gari lake jioni, na akirudi nyumbani alikuwa anakula akiangalia sahani. Dada alikuwa anamwuliza, "Vipi leo?" Naye anasema, "Bado. Mluzi." Ndiyo yalikuwa maongezi yao.

Mwezi wa tatu wa sindano, dada alikuja yadi. Alitembea polepole na barakoa usoni, akakaa kwenye kigoda changu. Yule mpiga rangi alimsalimia kwa nyuma na dada hakugeuka. Nilijua. Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye gari, akaliwekea mkono juu ya paa.

"Fundi," akasema, "nifungulie nikae. Usiwashe injini. Nipigie wimbo mmoja hivihivi limesimama. Injini ikiwa imezimwa si hakuna mluzi?"

Shemeji alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Aliitoa. "Bibie, gari siyo kibanda cha kusikilizia redio. Nimekwambia nitakupeleka mpaka mwisho wa lami. Viti vyenyewe vimetolewa. Utakaa wapi, kwenye bati?"

"Nitakaa kwenye bati."

"Nipe wiki moja tu. Nataka usikie kitu kizima."

Alisema kwa upendo, wala sisemi vinginevyo. Alikuwa anatabasamu na uso wote mafuta. Dada akasimama pale kidogo, mkono juu ya paa, halafu akasema haya, wiki moja. Aliponipita hakunitazama. Mimi nilikuwa na kiti cha mtu mapajani, sindano mkononi, na mtu pekee aliyeweza kumwambia shemeji ukweli nilikuwa mimi. Nikaendelea kushona.

Siku tatu baadaye nilijaribu. Niliuzunguka ukuta wa mabati, nikasimama juu ya miguu yake iliyochomoza mlangoni. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikasema, "Shemeji, kuna jambo."

"Nipe hiyo koleo kwanza," akasema, akinyoosha mkono bila kuangalia.

Nikampa koleo. Akashika waya, akakata kipande, akanyoosha mkono tena. "Na tepu." Nikampa tepu. Akauliza, "Ulisema nini?" Nikasema mteja wa viti vya kijani amekuja. Hakukuwa na mteja wa viti vya kijani. Woga wangu ndio ulijibu, nikausingizia ahadi.

Wiki ile moja ikawa tatu. Tulipokwenda kupimwa mwezi wa nne, mstari wa nesi ulikuwa umelala chini karibu wote. Niliuangalia nikakumbuka alivyosema, kwamba sauti nyembamba zinatangulia. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Mluzi ule aliokuwa akiuwinda usiku na mchana, dada asingeusikia hata ungepigwa sikioni mwake. Ulishaondoka zamani, pamoja na ndege. Zilizokuwa zimebaki zilikuwa sauti nene, za besi na za wanaume, na nazo zilikuwa zinafunga virago. Mume wake alikuwa anamlinda na kitu ambacho hakikuwepo tena, na kile kilichokuwepo kilikuwa kinakwisha.

Mtauliza hakugundua vipi. Hata mimi nilikuwa namwuliza hivyo kimoyomoyo kila siku, kwa hasira, mtu anayesikia skrubu iliyolegea kwenye gari linalopita barabarani. Lakini dada alikuwa mjanja. Alihamisha kiti chake mezani, wakawa wanakaa uso kwa uso, akawa anasoma midomo. Redio aliizima akasema vidonge vinamtia kichwa. Simu ikija ananipa mimi, eti koo linamkereketa. Jibu lake likawa moja kwa karibu kila kitu: "Sawa, fundi wangu." Na mume mwenyewe alikuwa harudi mpaka chakula kimepoa, na akirudi kichwa chake bado kiko ndani ya dashibodi. Mwezi wa tano, asubuhi moja, nilimkuta dada jikoni sufuria imechemka mpaka imekauka, yeye amesimama karibu yake amenipa kisogo akikata vitunguu. Nilimwita mara tatu. Nikamgusa bega. Aligeuka, akaniona ninavyolia, akanifuta machozi kwa mkono wenye kitunguu, nikalia zaidi. Tukacheka kidogo. Ndiyo siku niliyojua yamekwisha yote.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo shemeji aliupata mluzi.

Alikuja bandani kwangu saa nne asubuhi, akakaa kwenye kigoda. Nikafikiri amejua. Alikuwa ameshika kipande cha karatasi ya msasa.

"Ethi," akasema.

Waya wa ethi ni ule unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Unafungwa kwa bolti kwenye bati, na lazima ushike bati tupu, kwa hiyo fundi anakwangua rangi kwanza. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anafundishwa hilo. Yeye mwenyewe nimemsikia akiwafokea watu zaidi ya mara mia: "Kwangua rangi, kwangua rangi." Lakini kwenye gari lake alikuwa ameufunga juu ya rangi. Chini ya kiti, mahali ambapo hata panya hafiki, hakutaka kuichubua rangi ya kiwandani. Alijiambia bolti itaumana na bati yenyewe. Ikaumana nusunusu, na umeme ukatafuta njia nyingine ndani ya spika.

"Kiasi gani?" nikauliza. "Umekwangua kiasi gani?"

Akanionyesha ukucha wa kidole gumba. "Kama hivi. Kwa karatasi hii. Hata dakika moja haikufika." Akacheka, akatikisa kichwa. "Miezi mitatu, shemeji. Nimekuwa mjinga kiasi hiki. Lakini sasa liko safi. Njoo usikie."

Nilikwenda. Injini ilikuwa inanguruma na wimbo ulikuwa umetulia, hauna hata doa. Ulikuwa ndio muziki mzuri kuliko wote aliowahi kufunga, na nilimwambia hivyo, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alisema Jumamosi tutakwenda mpaka mwisho wa lami, sisi watatu. Nilirudi bandani nikamwandikia dada kwenye karatasi: *Amemaliza. Mwambie.* Jioni aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi. "Kwanza anipeleke," akasema. Siku hizo alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kidogo, bila kujijua.

Jumamosi asubuhi alivaa gauni la maua na kujipaka poda. Shemeji alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, amemfungulia mlango kama dereva wa waziri. Mimi nilikaa nyuma. Alikuwa amemweleza tangu juzi, uso kwa uso, kila kitu: ataanza na wimbo wao, utatokea nyuma kwanza, halafu miguuni. Kwa hiyo dada alijua. Taa ya manjano ilipowaka na yeye shemeji alipogeuka kumtazama, dada akafumba macho, akavuta pumzi, akatabasamu. Kidole chake kikaanza kupiga taratibu kwenye paja.

Sijawahi kumwona shemeji na furaha ya namna ile. Tulitoka yadi, tukapita kwenye maduka ya vipuri, tukashika barabara kubwa. Watu walikuwa wanageuka kutazama gari. Alikuwa anakanyaga mafuta kidogo, anaachia, anakanyaga tena, ili dada asikie kwamba hakuna kinachopanda wala kushuka.

"Umeweza, fundi wangu," dada akasema. "Hakuna mluzi kabisa."

Tulipovuka tuta la pili, gari likaruka kidogo na muziki ukazimika. Nadhani ni fyuzi iliyochomoka mahali pake, kitu cha kurudishwa kwa sekunde mbili. Taa ilizimika pia, lakini dada alikuwa ametazama nje, dirishani, upepo unampuliza. Shemeji akanyoosha mkono kwenye kishikio, akakizungusha, kimya. Akafungua mdomo kuomba radhi.

Halafu akaona kidole. Kilikuwa kinaendelea kupiga pajani, taratibu, hakijakosa hata pigo.

Alikitazama mpaka nikaogopa tutaacha barabara. Aliurudisha mkono kwenye usukani. Tulikwenda hivyo, matairi na injini tu. Kisha akanitafuta kwenye kioo, na akaniuliza kwa sauti yake ya kila siku, wala hakunong'ona, mke wake amekaa pembeni yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Ni ile sindano. Aliniapisha nisikwambie."

"Siku ile alipokuja yadi. Aliposema atakaa kwenye bati."

"Alikuwa bado anasikia," nikasema. "Kidogo. Wimbo angeusikia."

Midomo yake ilikuwa inaendelea kwenda lakini haikutoa neno, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye shati lile la pasi bila yeye kuyafuta. Ndipo dada akageuka kutoka dirishani. Aliniona mimi mdomo wazi, akamwona mumewe midomo inatikisika, na uso wake ukachanua. Alidhani tunaimba.

Akaanza kuimba na yeye. Alianzia ubeti wa tatu, maana kichwani mwake wimbo ulikuwa umefika hapo. Sauti ilikuwa juu mno na imepotea njia, inapanda mahali pa kushuka, sauti ya mtu ambaye miaka ishirini na mbili ofisi nzima ilipenda kumpigia kwa ajili ya kumsikia tu. Aliimba akimwangalia shemeji midomoni, akimsubiri.

Shemeji akafuta uso kwa mkono wa shati. Ilipofika zamu ya kuitikia, akaitikia, taratibu, akifungua mdomo vizuri kwa kila neno ili amwone.